Kiboko cha nyota moja: Ukichafuliwa jina la biashara mtandaoni, usijibu kabla ya kusoma hii

CHUKULIA wewe ni muuza asali pale Kiboko, kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, kati ya Emali na Makindu. Mchana unawauzia madereva wa malori na familia zinazoteremka Pwani. Jioni unageuza simu kuwa duka: unapiga picha chupa zilizojipanga mezani, unaziweka kwenye status ya WhatsApp na TikTok, unapokea oda kutoka Umoja, Rongai na Syokimau. Asubuhi unamkabidhi konda wa matatu kifurushi, mteja analipa kwa M-Pesa, mambo yanaenda fiti.

Halafu usiku mmoja rafiki anakutumia skrinishoti. Kwenye ramani ya Google, chini ya jina la biashara yako, kuna nyota moja na maneno haya: "Matapeli hawa. Hii si asali, ni sukari imechemshwa. Msinunue kitu Kiboko." Aliyeandika hana picha na jina lake hulijui. Kufikia asubuhi skrinishoti hiyo imefowadiwa kwenye grupu mbili za mtaa ambako wateja wako wengi wanaishi. Oda tatu zimefutwa. Hata konda anakuuliza, "Kwani ni ukweli?"

Kidole kinakuwasha. Unataka kujibu sasa hivi, kwa herufi kubwa, na matusi mawili matatu juu. Tulia kwanza. Hasira hasara, na huku mtandaoni hasara yenyewe huwa na ushahidi wa maandishi.

Makala haya ni yako iwapo unauza asali, maembe, mitumba, keki, vyondo au viatu kupitia simu. Rivyu za uongo zinaweza kumpata mtu yeyote. Tofauti iko kwa utakachofanya saa chache baadaye.

NYOTA MOJA HUUMA WADOGO ZAIDI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Barabarani Kiboko methali hii bado inafanya kazi. Mteja anateremka kwa gari, anachovya kijiti kwenye asali, anaonja, anakutazama usoni, anapunguziwa bei, anaondoka na chupa. Ameamua kwa ulimi wake mwenyewe.

Kwa simu hakuna kuonja. Mtu aliye Rongai hakujui, hajafika kwako, na pesa anatuma kabla ya kuona mzigo. Kitu pekee anachoweza kuonja ni maneno ya waliomtangulia. Ndiyo maana nyota zina nguvu.

Nguvu hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha nyota za mikahawa kwenye mtandao wa Yelp na mauzo yake katika jiji la Seattle, Marekani. Aligundua kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato ya mkahawa kwa asilimia 5 hadi 9. Lakini hapa ndipo pa kutega sikio: matokeo hayo yalionekana kwa mikahawa inayojisimamia. Ile mikubwa yenye matawi kila mahali haikutikiswa na nyota, kwa sababu watu tayari walikuwa wanaijua.

Tafsiri ya mtaani ni kwamba supamaketi kubwa inaweza kutukanwa kutwa nzima na foleni yake isipungue hata mtu mmoja. Wewe mwenye rivyu tisa pekee, moja ikiwa ya uongo inabeba wastani wako wote na kuuteremsha.

KABLA YA KULIA, PANGA RIVYU KWENYE FUNGU LAKE

Si kila rivyu mbaya ni ya uongo, na si kila rivyu ya uongo imeandikwa na mwongo. Kuna mafungu manne, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni rivyu mbaya ya kweli. Uliuza maembe, mteja akakata akakuta funza wa nzi wa matunda. Ulisema mzigo utafika Jumanne, ukafika Ijumaa. Hapo hakuna vita. Omba radhi, rudisha pesa au tuma mzigo mwingine, na umshukuru kwa kukwambia.

La pili ni la mteja aliyekosea lakini kwa nia safi. Fungu hili ndilo linawasumbua sana wauza asali, na linahitaji maelezo kidogo.

Asali huganda. Ina sukari za aina mbili kuu, glukosi na fruktosi, na glukosi ndiyo hujitenga na kufanya chembechembe. Asali iliyojaa glukosi huganda upesi, na baridi huharakisha mambo. Sasa fikiria jiografia yako. Kiboko iko mita 975 hivi juu ya usawa wa bahari na ni nchi ya joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na Julai yake unaijua. Asali iliyotoka kwako ikitiririka inafika jikoni Umoja, inakaa wiki tatu kwenye kabati lenye baridi, inaganda. Mteja anafungua chupa anaona chembe nyeupe. Moja kwa moja anasema: sukari hiyo!

Hajadanganya. Ameona kitu cha kweli na kukipa maana isiyo sahihi. Na zile "vipimo" za mtandaoni ndizo zinamzidishia imani: kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali, kuitonesha kwenye glasi ya maji, kungoja kuona kama chungu wataigusa. Shira nzito ya sukari nayo huzama kwenye maji, na asali halisi yenye unyevu kidogo zaidi inaweza kuzima kiberiti. Mizani ya kweli iko kwenye maabara. Viwango vya kimataifa vya Codex, kwa mfano, vinataka maji yasizidi asilimia 20 ya asali na, kwa asali nyingi, sukari ya aina ya sukrosi isizidi gramu 5 kwa kila gramu 100. Hakuna kiberiti kinachoweza kusoma hayo.

Kwa mteja wa fungu hili, maelezo ya upole hutosha. Mwambie aiweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono, na asiichemshe. Mara nyingi atarudi mwenyewe kubadilisha rivyu yake, maana Google humruhusu aliyeandika kuihariri wakati wowote.

Fungu la tatu ni uongo mtupu. Hajawahi kununua kwako. Pengine ni mshindani, pengine mfanyakazi uliyemwachisha kazi, pengine ex. Pengine ni mtu aliyekuchanganya na muuzaji mwingine wa meza jirani, maana biashara za Kiboko zina majina yanayofanana.

La nne ni ulaghai wa wazi: "Tuma elfu tano nifute hii rivyu, la sivyo naleta zingine ishirini." Huyo si mteja tena. Usitume hata bob. Ukilipa mara moja, umejiandikisha kuwa benki yake.

SAA MOJA YA KWANZA

Usijibu, usiblock, usimpigie simu kumgombeza. Kwanza kusanya ushahidi.

Piga skrinishoti inayoonyesha kila kitu: maneno yote, jina la akaunti, tarehe, na anwani ya ukurasa. Fungua wasifu wa aliyeandika uone ameandika nini kwingine. Akaunti iliyozaliwa jana na yenye rivyu moja pekee inakueleza jambo. Akaunti iliyowapa nyota moja wauza asali watano kisha ikampa mmoja nyota tano inakueleza jambo kubwa zaidi. Nakili kiungo, kitume kwa barua pepe yako mwenyewe ili kiwe na tarehe.

Pili, fungua daftari. Tafuta jina hilo kwenye ujumbe wa M-Pesa, kwenye oda za WhatsApp, kwenye kitabu cha mauzo. Je, kuna mtu wa jina hilo? Kama yupo, alinunua lini, chupa gani, kutoka mavuno gani? Kama huweki rekodi, leo ndiyo siku ya kuanza. Muuzaji asiye na daftari hawezi kusema "hukununua kwangu" kwa uhakika. Anaweza tu kupiga kelele.

Tatu, angalia mzigo wako. Fungua chupa zilizobaki kutoka mavuno hayo, onja. Ulinunua asali kwa wafugaji wangapi? Inawezekana mmoja wao alikuletea debe lililochanganywa na wewe hukujua. Ni afadhali ulijue hilo wewe kwanza kabla ya kuapa hadharani.

Baada ya hapo kunywa chai. Jibu la leo jioni litakuwa bora kuliko la sasa hivi.

UNAJIBU NANI HASA?

Hapa ndipo wengi huteleza. Unadhani unamjibu aliyeandika. Hapana. Huyo pengine hatasoma tena. Unawajibu wale mia mbili watakaopita hapo miezi ijayo wakijiuliza kama wakutumie pesa. Hao hawajui nani mkweli. Wanaangalia nani ana heshima na nani ana vitu vya kuonyesha.

Jibu fupi, taratibu, lenye kitu cha kushikika. Mfano:

"Habari yako, mteja wetu. Pole kwa usumbufu. Tumetafuta jina hili kwenye oda zetu na hatujaliona, kwa hivyo tunaomba ututumie tarehe ya kununua na picha ya chupa kwa namba iliyo kwenye ukurasa huu. Kila chupa yetu ina tarehe ya kuvunwa. Kama ni yetu na ina kasoro, tunarudisha pesa zako zote. Asali inayoganda wakati wa baridi haijaharibika. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu itarudi kawaida. Karibu tena."

Umeona? Hakuna tusi, hakuna "wewe ni mwongo". Lakini kila anayesoma ameshajua mambo manne: unaweka rekodi, unaweka tarehe, unarudisha pesa, na unaijua bidhaa yako. Uongo umebaki peke yake bila wa kuutetea.

Jibu mara moja tu. Akikujibu kwa matusi, mwalike inboksi kisha nyamaza. Mabishano marefu huisukuma rivyu hiyo machoni pa watu wengi zaidi. Na usiwatume binamu na marafiki wakamvamie. Atapata huruma asiyostahili, nawe utaonekana mnyanyasaji.

Kama uvumi umeshafika kwenye grupu za WhatsApp, tafuta mtu mmoja anayeaminika ndani ya grupu hilo, ikiwezekana mteja wako wa siku nyingi, umwombe aweke maelezo yako. Neno la jirani lina uzito kuliko la muuzaji.

USIMWANIKE MTEJA

Kuna kishawishi kimoja kibaya sana: kuchukua jina kamili la mteja, namba yake ya simu kutoka M-Pesa na picha yake kutoka WhatsApp, kisha kuposti: "Huyu ndiye anatuharibia kazi, mjueni."

Acha. Namba hiyo alikupa ili umuuzie. Hakukupa umwanike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana hata kama biashara yako ni meza moja na mwavuli. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga faini ya Sh1,850,000 klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Klabu ilikuwa inajitangaza tu, haikuwa hata na ugomvi na mteja huyo. Wewe unayeposti kwa nia ya kumwaibisha mtu utajitetea vipi?

Unaweza kujikuta ulianza ukiwa mwathiriwa na kumaliza ukiwa mshtakiwa.

KUOMBA RIVYU IONDOLEWE

Google huondoa rivyu zinazovunja sera zake: zilizoandikwa na mtu asiyewahi kukutana na biashara yako, za mshindani, za matusi na vitisho, au zinazozungumzia mambo yasiyohusiana kabisa na biashara. Haiondoi rivyu kwa sababu imekuudhi. Wala haiamui nani mkweli kati yako na mteja mkibishana kuhusu kilichotokea.

Kwa hivyo usiandike "huyu ananiharibia jina". Chagua sera iliyovunjwa na ulete ushahidi. Lakini kwanza hakikisha umeidai na kuithibitisha biashara yako kwenye Google, maana asiyeidai hawezi kujibu rivyu wala kufuatilia malalamishi. Ukiripoti, subiri siku kadhaa. Ukikataliwa, una nafasi ya kukata rufaa, basi itumie vizuri: weka ile picha ya akaunti yenye rivyu tano za nyota moja kwa washindani wa mmoja.

Facebook hukuruhusu kuzima kabisa sehemu ya rivyu kwenye ukurasa wa biashara. Ni njia ya mkato, lakini fahamu kwamba unazima na zile nzuri. Mwenye kambi au gesti anayepokea wageni kupitia TripAdvisor ana haki ya kuandika jibu chini ya rivyu. Pia anaweza kuripoti mgeni anayemtishia, na ni vyema aripoti kabla rivyu yenyewe haijatoka.

Na anayedai pesa? Hifadhi ujumbe wake, ripoti akaunti kwa mtandao husika, kisha peleka simu yako kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai hata pasipo mtandao.

VIPI KUHUSU KORTI?

Sentensi ya "nitakushtaki" ni rahisi kuandika. Kuitimiza ni kazi nyingine. Fahamu uwanja ulivyo kabla ya kuingia.

Zamani ungeweza kwenda polisi ukasema umechafuliwa jina, mtu akakamatwa. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kashfa kuwa jinai. Februari 6, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikifuta. Cha kuvutia ni kwamba walalamishi katika kesi hiyo walikuwa wameshtakiwa kuhusu machapisho ya ukurasa wa Facebook wa Buyer Beware-Kenya, mahali ambapo Wakenya huonyana kuhusu wauzaji na huduma. Jaji alisema kumfunga mtu kwa sababu ya maneno ni adhabu iliyopita kiasi wakati aliyeumizwa anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikuwa amefuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikitumiwa kukamata watu kwa maneno ya mtandaoni. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 nayo ilitoka na vifungu kuhusu habari za uongo, lakini vilipingwa kortini mwaka huo huo. Usijenge mpango wa biashara yako juu yake.

Kilichobaki ni kesi ya madai, na Katiba iko upande wako pia. Kifungu cha 33 kinachompa mteja uhuru wa kusema ndicho hicho hicho kinachomtaka aheshimu haki na sifa za wengine. Lakini kuna mambo manne ya kushika.

Moja, ukweli ni kinga. Kama ulichanganya sukari, huna kesi.

Mbili, maoni si kashfa. "Asali yao sikuipenda, ni tamu kupita kiasi" ni ulimi wa mtu na ana haki nao. "Wanachanganya sukari" ni dai la ukweli linaloweza kupimwa, na likiwa la uongo linaweza kujibiwa kortini.

Tatu, saa inakimbia. Kwa kashfa, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 pekee tangu maneno yachapishwe. Ukikaa mwaka na nusu ukiwaza, mlango umefungwa.

Nne, ile Mahakama ya Madai Madogo ambayo vijana wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya haraka na husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, haisikizi kesi za kashfa. Sheria iliyoianzisha mwaka 2016 inazitaja kwa jina na kuzikataa. Utaenda kwa hakimu, kwa mfano mahakama ya Makindu iliyo karibu nawe, na utahitaji wakili. Skrinishoti zako pia zitahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitolewa kwa kifaa gani na nani.

Ndiyo sababu mara nyingi barua ya wakili inayodai maneno yaondolewe na radhi iombwe ndiyo mwisho wa safari, na inatosha.

Tena kuna hatari ya kushinda vita na kupoteza soko. Uliza Nigeria. Septemba 2023 mama mmoja wa Lagos, naye akiwa mfanyabiashara mdogo wa nguo za watoto, aliandika Facebook kwamba nyanya za kopo za kampuni ya Erisco Foods zilikuwa na sukari nyingi mno. Kampuni ikadai amewachafulia jina, polisi wakamkamata, na ikamdai fidia ya naira bilioni 5. Kabla ya hapo waliosoma maneno yake walikuwa wafuasi wake wa Facebook. Baada ya hapo ilikuwa habari ya dunia nzima, na Wanigeria wengi wakaanza kuitana kuisusia bidhaa hiyo. Kampuni kubwa inaweza kustahimili dhoruba kama hiyo. Meza yako haiwezi.

USINUNUE NYOTA

Ukishachafuliwa, kuna watu watakujia inboksi: "Boss, nakuuzia rivyu hamsini za nyota tano." Kataa.

Mwaka 2017 kijana Mwingereza Oobah Butler, aliyewahi kulipwa kuandika rivyu za uongo za mikahawa, aliamua kuonyesha jinsi mchezo huo ulivyo. Alisajili kibanda cha bustani ya nyumba yao London kama mkahawa, akakiita The Shed at Dulwich, na marafiki zake wakakiandikia sifa. Kabla ya mwaka kuisha kilikuwa nambari moja kati ya mikahawa yote ya London kwenye TripAdvisor. Hakikuwa kimepika hata yai.

Tangu hapo wakubwa wamekaza kamba. Marekani iliweka kanuni dhidi ya rivyu feki iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na faini inaweza kupita dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza nayo ilizipiga marufuku kuanzia Aprili 2025. Google yenyewe hairuhusu hata kumpa mteja punguzo la bei ili akuandikie sifa. Ukinaswa, rivyu hizo zinaweza kuondolewa.

Na kando ya sheria, kuna jambo la kujiuliza usiku: kama nawe umedanganya, utalalamika vipi kwamba umedanganyiwa?

JENGA AKIBA KABLA YA NJAA

Dawa ya kweli ya rivyu moja ya uongo ni rivyu arobaini za kweli zilizotangulia. Ni hesabu tu. Nyota moja kati ya tisa ni msiba, lakini kati ya hamsini ni kelele.

Kila ukituma mzigo, siku mbili baadaye mtumie mteja ujumbe: "Mzigo ulifika salama? Ukipata dakika, tuandikie ulivyouona, uzuri na ubaya." Waombe wote. Usichague wale wanaocheka pekee. Andika tarehe ya kuvuna na jina la eneo kwenye kila chupa. Piga picha ya kifurushi kabla ya kumpa konda. Bandika karatasi ndogo inayosema "Asali hii inaweza kuganda wakati wa baridi" pamoja na jinsi ya kuiyeyusha. Karatasi hiyo itazuia rivyu nyingi zaidi kuliko wakili yeyote.

Ukiweza, tafuta alama ya ubora ya Kebs. Mnunuzi anaweza kuihakiki kwa kutuma SMS kwa 20023. Anayesema "ni sukari" atakuwa anabishana na maabara, wewe ukiwa pembeni unafunga vifurushi.

SAMAKI MMOJA

Rudi kwenye maneno yale ya nyota moja. Yaliishia vipi? "Msinunue kitu Kiboko." Hakusema msinunue kwa fulani. Alitaja Kiboko yote.

Hapa kuna ukweli mchungu wa kuuza kando ya barabara. Mteja wa Nairobi hakumbuki jina la meza. Anakumbuka mahali. Na si siri kwamba wapo wauzaji wanaochanganya. Mmoja akimuuzia msafiri shira ya sukari, msafiri akifika nyumbani atatafuta "asali Kiboko" kwenye simu na kumwaga hasira kwenye jina la kwanza atakaloliona. Linaweza kuwa lako. Rivyu itakuwa ya uongo kwako, lakini ilizaliwa na ukweli wa meza ya tatu kutoka kwako. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Rivyu ya namna hiyo huwezi kuimaliza peke yako na simu yako. Inataka wauzaji wakae chini, hata kama ni wanane wa mti mmoja, wakubaliane: tunanunua kwa wafugaji tunaowajua, tunaandika tarehe, anayechanganya hauzi nasi. Mnaweza kuchanga mkanunua rifraktomita moja ya mkononi ya kupima unyevu. Haitawaambia kama kuna sukari, lakini itawakamata wanaoleta asali mbichi yenye maji mengi, ile inayochacha ndani ya chupa na kuwaletea malalamishi. Sampuli mnaweza kuzipeleka maabara mara moja kwa msimu, gharama ikigawanywa.

Basi fanya hivi wiki hii, kabla simu haijalia usiku: dai biashara yako kwenye ramani ya Google, fungua daftari la oda, andika tarehe kwenye chupa, na uwaombe wateja kumi wa mwisho wakuandikie ukweli. Kisha mfuate jirani wa meza ya tatu. Kabla hujaongea naye kuhusu mitandao, mwombe akuonjeshe asali yake.